Sinia Moja, Wageni Kumi na Wawili: Mwongozo Kamili wa Kuwalisha Pilau Majirani Usiowajua Ughaibuni

Ujumbe ninaopokea kutoka kwa Waswahili wenzangu walioko Ulaya unafanana sana. "Niliwakaribisha majirani, hakuna aliyekuja." "Walikuja, wakala, wakashukuru, wakaondoka, na kwenye ngazi bado tunapishana kama tusiojuana." "Wali uliniharibikia mbele za watu."

Ninaishi Hamburg mwaka wa tisa sasa, na makosa haya yote nimeyafanya kwa zamu. Mara nyingi chakula chenyewe hakina kasoro. Kasoro iko kwenye mwaliko, kwenye saa, na kwenye namna kinavyoandaliwa mbele ya mgeni.

Mwongozo huu ni wa watu 15: wageni 12 na wenyeji watatu. Mifano yangu ni ya Ujerumani kwa sababu ndiko nilikojifunzia. Aliyeko Uholanzi, Uswidi au Kanada atabadilisha saa na maduka, lakini mpangilio ni ule ule.

Jambo moja nalishikilia tangu mwanzo: pilau iliwe kwenye masinia, watu wanne au watano kwa kila sinia. Ukiipakua kwenye sahani 15 utakuwa umewashibisha watu 15 waliokaa chumba kimoja, kila mmoja na lake. Ukiiweka kwenye sinia, itabidi waangaliane, wapishane mikono, wasogezeane nyama. Huko ndiko wanakoanza kujuana.

## Mahitaji

Vikombe ninavyovitaja ni vya mililita 250. Kikombe kimoja hubeba takriban gramu 200 za mchele.

Vyombo:

- Masinia matatu ya upana wa sentimita 45 hadi 50. Kwenye maduka ya Waarabu, Waturuki na Waafrika yapo. Hapa Hamburg naenda Steindamm, karibu na stesheni kuu. Ukikosa, sinia la duara la kuokea pitsa linatosha.
- Sufuria ya lita 8 au zaidi isiyo na mpini wa plastiki wala mfuniko wa plastiki, kwa kuwa itaingia kwenye oveni. Ipime kwanza pamoja na mfuniko wake, uone kama oveni itafunga.
- Sufuria ya lita 5 kwa pilau isiyo na nyama.
- Birika la maji na beseni. Hivi usiviache hata ukiacha vyote vingine.
- Mikeka, busati au kanga za kutandika. Karatasi ya alumini. Visu vinne na vibao vinne vya kukatia.
- Vijiko na sahani chache, viwekwe pembeni.

Pilau ya nyama, watu 10:

- Mchele wa basmati vikombe 6
- Nyama ya ng'ombe ya mguu, yenye mfupa, kilo 2
- Vitunguu maji nusu kilo na zaidi kidogo, viazi 6
- Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, vijiko 3 vya chakula
- Bizari nyembamba vijiko 2 vya chakula, mdalasini vijiti 2, karafuu 10, hiliki 10, pilipili manga nzima kijiko 1 cha chai
- Mafuta kama nusu kikombe, chumvi

Pilau ya mboga, watu 5: mchele vikombe 4, viazi, karoti na njegere, viungo theluthi mbili ya hivyo vya juu, na mafuta ya mimea. Usitie samli. Wengi wasiokula nyama huku hawagusi maziwa pia, na kwa mafuta ya mimea unawatosheleza wote kwa sufuria moja.

Kachumbari: nyanya, vitunguu, matango, ndimu, pilipili, chumvi. Ongeza ndizi mbivu, moja kwa kila mtu, kama tunavyokula Pwani. Wageni wataishangaa ndizi kando ya wali, kisha wataomba nyingine.

## Hatua ya 1: Chagua siku na saa (wiki 3 kabla)

Chagua Jumamosi. Jumapili maduka ya Ujerumani hufungwa, na ukigundua umesahau chumvi utahangaika. Isitoshe, Jumapili ni siku ya utulivu. Kukaanga, kusogeza meza na vicheko vya watu 15 vitamkera jirani ambaye hukumwalika.

Anza saa 11 jioni, maliza saa 3 usiku. Kuanzia saa 4 usiku nyumba nyingi zina masharti ya kutopiga kelele, kwa hiyo utabaki na saa nzima ya kusafisha kwa raha. Huku wengi hula chakula cha jioni mapema, mara nyingi mkate na vitu baridi. Mgeni uliyemwita saa 2 usiku atakuja ameshashiba.

Kwenye mwaliko andika 17:00 na 21:00. Nilishawahi kuandika saa kwa mtindo wetu kichwani, nikakosea tarakimu, na mtu mmoja akagonga mlango niko na taulo.

Saa ya kumaliza ina kazi yake. Mjerumani asiyekujua anaogopa kukaa sana kuliko unavyoogopa asije. Akijua mwisho ni lini, anakuja akiwa ametulia.

Kama unataka iwe futari, hesabu machweo. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, magharibi ya Hamburg inaingia mapema jioni, na mpango huu unafaa vizuri. Juni ni habari nyingine: jua huzama karibu saa 4 usiku.

Tarehe nyingine nzuri ni mwishoni mwa Mei. Ufaransa wana sikukuu yao ya majirani iliyoanzia Paris mwaka 1999, na Ujerumani nayo ina siku ya namna hiyo. Mwaliko wa wakati huo haumshangazi mtu.

Utajua umefaulu ukiwa na tarehe moja, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, zimeandikwa kabla hujamwambia mtu yeyote.

## Hatua ya 2: Chagua wageni

Anza na waliopo jengoni, hasa anayeishi chini yako na mnayegawana ukuta. Kisha ongeza wawili watatu kutoka darasa la lugha au kazini, na mtu mmoja unayemwona kila siku bila kumjua jina: wa duka la mkate, wa kituo cha basi.

Onyo langu kubwa: usiite Waswahili zaidi ya wawili. Najua inauma. Lakini tukishakuwa watano, sebule inageuka Kiswahili, tunacheka habari za nyumbani, na wageni wanabaki wakitabasamu bila kuelewa. Karamu yangu ya pili ilikufa hivyo. Wenzetu watengee siku yao.

Hao wawili waje kama wenyeji. Waambie wafike saa 9 alasiri, wape kazi, na kila mmoja asimamie sinia lake.

## Hatua ya 3: Mwaliko (wiki 2 kabla)

"Karibuni nyumbani wakati wowote" kwetu ni mwaliko wa kweli. Huku ni maneno ya adabu, mtu anajibu "asante sana" na yanaishia hapo. Hii ndiyo sababu kubwa ya ujumbe ninaopata wa "hakuna aliyekuja".

Andika karatasi kwa mkono, kwa lugha ya nchi, hata kama sarufi inachechemea. Gonga mlango uitoe mwenyewe. Kama hayupo, iache kwenye sanduku la barua. Iwe na mambo haya:

1. Siku, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza.
2. Ghorofa, na jina la ukoo lililo kwenye kengele ya mlango. Huku milango hupigwa kwa jina la ukoo. Ukiandika "Mama Zuhura" na kengele inasema kitu kingine, mgeni atarudi kwake.
3. Utapika nini, kwa maneno ya wazi: wali wa viungo na nyama ya ng'ombe, na mwingine bila nyama.
4. Mtakula vipi: sinia kubwa chini kwenye mkeka, kwa mkono, vijiko na viti vipo.
5. Swali: kuna kitu ambacho huwezi kula?
6. Namba yako na siku ya mwisho ya kujibu.
7. Vinywaji. Kama hutaki kileo nyumbani mwako, andika hapa, kwa upole na bila maelezo marefu. Ukisubiri wafike wameshika chupa ya mvinyo, mtaaibishana mlangoni.

Kisha ongeza sentensi hii, ambayo kwangu ilibadilisha kila kitu: usilete chakula, njoo na mto wako wa kukalia.

Wazungu wengi hawapendi kuja mikono mitupu, na wasipoambiwa watakuletea saladi tano ambazo zitashindana na pilau yako. Mto unawapa kitu cha kubeba, unakuondolea tabu ya viti, na mtu aliyesimama mlangoni amekumbatia mto wake hawezi kuwa mkavu.

Utajua umefaulu ukianza kupata maswali. Anayeuliza "mto wa ukubwa gani?" atakuja. Aliyenyamaza hadi siku nne kabla, mgongee tena mara moja tu, kwa tabasamu, kisha mwache.

## Hatua ya 4: Jaribu jiko lako (wiki 1 kabla)

Usiruke hatua hii hata kama umepika pilau ya harusi Tanga kwa miaka ishirini. Ulipika kwa kuni na mkaa.

Shika sumaku uibandike chini ya sufuria yako. Isiponasa, sufuria hiyo haitapata moto kwenye jiko la induksheni. Ile ya alumini uliyoibeba kutoka nyumbani huenda isifanye kazi kabisa.

Kama jiko ni la sahani za umeme, kumbuka sahani hubaki na moto mkali baada ya kuzimwa. Kuzima hakutoshi, ondoa sufuria. Ukoko mwingi unaoungua huku unatokana na hilo.

Pika kikombe kimoja na nusu cha mchele ule ule utakaotumia, wa mfuko ule ule. Basmati hutofautiana katika kunywa maji, na ni bora ulijue hilo wiki moja kabla, wewe na sufuria yako, hakuna shahidi.

## Hatua ya 5: Nyama, Ijumaa usiku

Kata nyama vipande vya ukubwa wa nusu kiganja, vinavyoweza kugawanywa kwa vidole. Chemsha na tangawizi, saumu kidogo na chumvi, kwa saa moja na nusu au mpaka iachie mfupa. Chuja supu uiweke pembeni. Ikipoa, weka nyama na supu kwenye friji.

Sababu ya kuifanya leo: siku ya wageni jiko lina sahani nne tu na wewe una mikono miwili. Pia mafuta ya supu yataganda juu, utayaondoa kwa kijiko.

## Hatua ya 6: Kupika, Jumamosi

Saa 8 mchana, vitunguu. Funga mlango wa jikoni, fungua dirisha. Usiguse vile ving'ora vya moshi vya ukumbini na vyumba vya kulala. Majimbo yote ya Ujerumani yanataka viwepo, na siku moja vitakuokoa.

Kaanga vitunguu kwa mafuta, moto wa wastani, mpaka viwe na rangi ya kahawa. Kwa kiasi hiki, kwenye jiko la umeme, ni dakika 25 au zaidi. Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Vikiwa vya dhahabu tu, pilau itakuwa nyeupe na isiyo na ladha mdomoni. Vikiwa vyeusi, itakuwa chungu na hakuna dawa. Vikifika rangi ya kahawa tia kijiko cha maji visizidi kuiva; usitie supu, maana sehemu ya vitunguu hivi inaenda kwenye pilau ya mboga.

Gawa vitunguu: theluthi mbili sufuria kubwa, theluthi moja ndogo.

Saa 9 na nusu, mchele. Osha mara tatu nne mpaka maji yawe safi, uroweke kwa nusu saa. Uchuje uache maji yote yatoke. Mchele wenye maji ya kurowekea huharibu hesabu yako yote.

Saa 10, sufuria kubwa. Kwenye vitunguu tia saumu na tangawizi, kisha viungo vizima na bizari, ukoroge mpaka harufu ipande. Tia nyama na viazi, vigeuze vishike rangi.

Tia supu vikombe 9. Ikipungua jaza kwa maji. Kipimo ni kikombe kimoja na nusu cha supu kwa kikombe cha mchele uliorowekwa, urekebishe kulingana na jaribio lako la wiki iliyopita. Ionje supu ikichemka. Lazima iwe na chumvi kuzidi kidogo unavyopenda, kwa sababu mchele utaichukua.

Mimina mchele. Koroga mara moja, kisha uache. Kuchokonoa kwa mwiko kunavunja mchele, na hapo ndipo pilau inapogeuka bokoboko.

Kukausha. Nyumbani tungepalia makaa juu ya mfuniko. Huku makaa yako ni oveni. Maji yakishapotea juu na vishimo vya mvuke kuonekana, funika kwa karatasi ya alumini, kandamiza kingo, weka mfuniko, ingiza kwenye oveni iliyokwisha kupata moto wa nyuzi 150. Dakika 25. Kisha zima, uache humo humo bila kufungua mlango. Itakaa na joto nusu saa nyingine, na huo ndio muda wako wa kupokea wageni.

Moto unaozunguka pande zote hukausha sawasawa kuliko sahani ya chini. Nasema kwa moyo mweupe: pilau yangu ya oveni imeizidi ile niliyokuwa nikipika kwa jiko la mkaa.

Sufuria ndogo fuata njia ile ile kwa maji vikombe 6, ukaushe juu ya jiko kwa moto mdogo kabisa. Mwiko wake uwe wake. Ukichovya mwiko wa nyama humo umeshamvunjia mgeni imani, hata kama hatajua.

Utajua umefaulu ukichota kutoka chini na punje zikaanguka moja moja, zimerefuka, zina rangi ya udongo mwekundu, na ukoko mwembamba umeshika bila kunuka moshi.

## Hatua ya 7: Mapokezi na kachumbari

Saa 11 kamili kengele italia. Kamili, ndugu yangu. Wengine watakuwa wamesimama nje dakika tatu wakisubiri saa itimie. Ufike wakati huo umeshaoga.

Viatu huachwa mlangoni; onyesha kwa mkono mahali pa kuviweka, maana wataogopa kuuliza.

Usiwakalishe. Nusu saa ya wageni waliokaa wima, wameshika glasi, wakiuliza "unafanya kazi wapi", ndiyo inayoua shughuli. Wakaribishe jikoni au mezani, wape visu na nyanya. Wanne wakate, wawili wakamue ndimu, mmoja amenye ndizi. Vitunguu vitawaliza pamoja, na watu waliolia pamoja kwa vitunguu hawarudi kuwa wageni kirahisi.

Kuna mengi ya kusahihisha, vipande vinene, nyanya zilizopondeka. Usisahihishe. Kitu kimoja tu fanya kwa mkono wako: osha vitunguu kwa chumvi uvikamue, kisha ushike pilipili wewe. Pilipili nyingi iwe kwenye kibakuli pembeni.

## Hatua ya 8: Kunawa

Hatua hii naikalia kidogo.

Mara ya kwanza niliwaelekeza bafuni. Watu kumi walipanga foleni ukumbini, mmoja mmoja akafunga mlango nyuma yake, na tulipokutana tena kwenye mkeka mazungumzo yalikuwa yamepoa. Nilikuwa nimewapeleka kwenye kazi ya faragha sekunde moja kabla ya kuwaomba wachangie sinia.

Sasa nafanya kama nilivyolelewa. Wote wakishakaa, napita na birika la maji ya vuguvugu, beseni, sabuni, na taulo begani. Naanza na mkubwa kwa umri. Namimina taratibu, anasugua, nasuuza, nampa taulo. Simwelezi chochote.

Wengi hawajawahi kunawishwa na mtu mzima mwingine tangu utotoni. Wananyamaza. Mzee wa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akinijibu salamu kwa kichwa tu, alitazama mikono yake muda mrefu baada ya mimi kupita. Kisha akanyanyuka kwa tabu, akanipokonya birika, akawanawisha waliobaki. Mimi alininawisha mwisho. Tangu siku ile tunaongea.

Mpe mtu birika akiliomba. Usiseme "kaa, wewe ni mgeni".

Onyo: maji yawe na joto la mwili. Jaribu kwa kiwiko kabla.

## Hatua ya 9: Sinia

Pakua pilau iwe kilima cha chini, viazi vikizunguka, nyama yote katikati. Kachumbari kwenye bakuli, ndizi kando. Weka sinia kati ya watu watano, msimamizi mmoja kwa kila sinia.

Masinia mawili ni ya nyama, moja la mboga. Usiwakusanye wasiokula nyama peke yao kama wagonjwa wa wodi moja. Waweke watatu, pamoja na walaji nyama wawili waliokubali kuwa nao. Uzoefu wangu ni kwamba sinia la mboga huisha kwanza.

Sema "karibuni", na kama wewe ni mtu wa bismillahi au sala, isome kwa sauti ya kawaida. Kisha somo la dakika moja, usizidishe:

- Mkono wa kulia. Mwenye kutumia kushoto mwambie atumie aupendao; ameshanawa.
- Kula mbele yako. Sinia limegawanyika kama keki, kila mtu ana kipande chake, katikati ni pa wote.
- Bonyeza wali kwa ncha za vidole kwenye ukingo wa sinia ushikane, inua, sukuma kwa kidole gumba.

Watamwaga. Mwaga na wewe kidogo.

Nyama iko katikati, na hawataigusa. Kila mmoja atasubiri mwenzake, kwa adabu yao. Msimamizi ndiye anayegawa: achane nyama kwa vidole, amsogezee kila mtu upande wake. Baada ya mara mbili utaona mgeni anamsogezea jirani yake. Wakianza kugawiana, msimamizi arudishe mkono nyuma.

Asiyeweza kukaa chini, weka sinia juu ya meza fupi, yeye na wenzake wote wanne wakae kwenye viti. Asikae juu peke yake. Anayetaka kijiko au sahani, vipo pembeni, asiulizwe sababu. Wapo wasiopenda kuchangia chombo, hasa mwenye mafua au anayemuuguza mtu nyumbani, na heshima yake ni kumwacha.

Mazungumzo yakizorota, nina swali moja: "Kwenu, mlipokuwa wadogo, siku ya sikukuu mlikuwa mnakula nini, na nani alikuwa anapika?" Sijawahi kuona mtu aliyekosa jibu. Mwanamke mmoja wa jengo letu alianza na bata wa Krismasi akamalizia na bibi yake, na sinia lake lote likaacha kula kumsikiliza.

Usiulize "unatoka wapi hasa?". Wenye rangi kama zetu tumeulizwa sana.

Utajua umefaulu ukisikia kelele kutoka masinia yote matatu kwa wakati mmoja, na wewe huna kazi.

## Hatua ya 10: Ukoko, chai, na kufunga

Kwangua ukoko uulete kwenye sahani bila kutangaza. Watagombea.

Pitisha birika mara ya pili. Kisha chai ya hiliki na tangawizi, au kahawa chungu na kashata. Huu ndio muda wa kusimama, kubadilishana nafasi, kuongea na waliokuwa sinia jingine. Usilete chakula kingine.

Wali usiachwe mezani zaidi ya saa mbili. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na wali unaokaa vuguvugu huwapa nafasi ya kutengeneza sumu ambayo hata kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo chai ikiwa inanywewa, msaidizi wako agawe kilichobaki kwenye vyombo vyenye vifuniko, tambarare, vipoe haraka. Kila mgeni aondoke na chake, aambiwe: friji ukifika, ule kesho, upashe mpaka utoe mvuke.

Jirani ambaye hakuja, mpelekee chombo chake usiku huo huo au asubuhi. Huyu usimsahau. Ndiye aliyesikia vicheko vyenu ukutani.

Saa 2:45 anza kukusanya vikombe. Wataelewa, na wengine watakamata taulo la kukaushia. Waache wakaushe.

Usidai vyombo virudi. Hesabu tu vilivyoondoka. Kwangu vilitoka kumi na kimoja, na siku ya nne kengele ikalia: chombo cha ghorofa ya tatu, kimeoshwa, kimejazwa jamu ya plamu, na karatasi juu yake yenye tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na neno la kunikumbusha nije na mto.